Simu ya Rubani Shekue

Siku hizi mhusika wa hadithi ya mtandaoni akipendwa sana na wasomaji, hupewa sauti na namba yake ya simu. Wa kwangu ni Shekue, rubani wa anga za mbali. Kila asubuhi humpigia mama yangu, wakazungumza huku Mama akichambua mchicha.

Mimi hanibabaishi. Nimemuumba mwenyewe, na Ijumaa namuua mwenyewe: chombo chake kitateketea karibu na Zohali, na wasomaji watalia hadi majirani waje kuuliza kuna msiba gani.

"Kijana wa watu amekukosea nini?" Mama aliniuliza.

"Ni hadithi tu, Mama. Bila kifo hainogi."

Simu ikaita. Mama akasikiliza kidogo, kisha akanipa.

"Dada, nimeambiwa habari za Ijumaa," Shekue alisema kwa upole. "Andika tu, kazi ni yako. Ila kuanzia Jumamosi wewe ndiye utakayemjulia hali Mama. Unajua ni goti lipi linalomsumbua?"

Nilimtazama Mama. Kanga ilikuwa imeyafunika magoti yote mawili.