Korongo Mwenye Mvua Yake

Kila Novemba, Korongo alipotua mbugani kutoka kaskazini, mvua ilianza wiki ileile. Aprili akiruka kurudi kwao, nayo ilikatika. Korongo hakuona sababu ya kuwa mnyenyekevu.

"Mvua hii ni yangu," alisema. "Natembea nayo."

Wanyama wakamwita Mheshimiwa. Lakini Aprili moja, alipokunjua mabawa, wakamfunga mguu kwenye kisiki katikati ya dimbwi.

"Utuwie radhi, Mheshimiwa," alisema Ngiri. "Ukibaki wewe, mvua itabaki."

Kaskazini mchumba wake alikuwa anangoja kwenye kiota. Korongo angesema ukweli, kwamba mvua haikuwa yake, angefunguliwa saa hiyohiyo. Akaona aibu, akanyamaza.

Siku ya tano mawingu yakaondoka. Siku ya kumi dimbwi likakauka, Korongo yumo katikati, amefungwa vilevile.

Ngiri akakitazama kivuli chake cha saa sita mchana. Kilikuwa kimegeukia kusini.

"Jua limehamia kaskazini," akasema, "na mvua imelifuata."

"Nifungueni," Korongo akanong'ona. "Nitaachwa."

Ngiri akaifungua kamba bila haraka.

"Haya, Mheshimiwa, wahi. Kumbe kwenye msafara wako wewe ni wa tatu."