Shimo la Langoni

Shimo halikuwa mraba, na jambo hilo lilimkera Mzee Magofu kuliko homa iliyomlaza wiki mbili.

Kitanda chake kilikuwa dirishani. Huko nje, ndani ya ukuta wa mji wa kale alioulinda na kuuchimbua miaka arobaini, vibarua wawili walikuwa wanachimba karibu na lango. Shimo refu, jembamba. Nani kawafundisha kazi hawa?

"Shimo la utafiti ni mita mbili kwa mbili," alimwambia binti yake alipoingia. "Hilo ulilijua ukiwa na miaka saba."

"Nafasi ni finyu, baba. Punguza maneno, utakohoa."

Binti ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha mambo ya kale sasa. Mzee alimlea peke yake humo humo magofuni, akamtia sikioni neno moja: watu huzaliwa kila siku, mawe haya yakivunjwa hayarudi. Neno likamkolea hasa. Hakuolewa, hakuhama. Aliwaandikia wakubwa barua ishirini, wasijibu hata moja. Jumatatu tingatinga lingepita katikati ya lango, na miaka mia nane ingekuwa kifusi cha barabara.

Wiki iliyopita Injinia wa barabara alikuja kumjulia hali mzee, kofia mkononi. Wala hakuwa mtu mbaya.

"Mzee wangu, mawe hayanizuii. Kisheria kinachonizuia ni kaburi lenye jina na wenyewe. Hata likiwa la jana, barabara naipindisha. Mnalo hapa?"

"Waliolala hapa walikufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa," mzee alimjibu. "Majina yao niyatoe wapi?"

Tangu siku hiyo binti hakubanduka kando ya kitanda cha baba yake. Alimlisha uji, alimfuta jasho, na kila alipokuja muuguzi alimfuata hadi mlangoni: "Zimebaki siku ngapi? Niambie kweli." Mzee aliyasikia hayo, machozi yakamlengalenga. Kumbe alikuwa amezaa mtoto.

Leo asubuhi muuguzi alimpima, akacheka. "Mapafu yamefunguka. Huyu atatuzika sisi sote."

Binti aliketi kitini kwa kishindo. Furaha nayo huchosha.

Basi mzee akaanza kujitapa. Jumatatu atasimama mwenyewe mbele ya tingatinga, wamponde yeye kwanza. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akambusu kwenye paji la uso, akampa kikombe. Dawa ya leo ilikuwa chungu kuliko ya jana. Mzee aliimaliza yote, maana aliyempa ni yeye.

"Na hilo shimo? Mmepata nini?"

"Bado, baba."

Alikwenda sebuleni kupiga simu. Mzee alimsikia vizuri, ingawa ulimi wake mwenyewe ulianza kuwa mzito.

"Injinia, samahani kukusumbua Jumamosi. Barabara itabidi muipindishe. Tunazika kesho saa nne, hapo langoni. Asante, tumeshapoa."

"Mwanangu," mzee aliita kwa huruma, "nani amefariki?"