Kibanda cha Pembeni

Fundi seremala alikizunguka kibanda cha pembeni kwa mara ya tatu, akikitafutia kosa. Hakuliona, na hilo ndilo lililomuuma.

Nguzo zilikuwa zimepinda, matundu yamezibwa kwa mifuko ya plastiki, matawi ya juu yameiva kwa moshi. Mtu wa kupita angesema ni kazi ya mlevi. Lakini katika Sikukuu ya Vibanda hakuna aliyetafuta uzuri. Kila baada ya mavuno, waumini walihamia kwa juma zima kwenye vibanda vya matawi, kuwakumbuka waliolishwa na Mungu jangwani. Kibanda kilichofanana zaidi na cha jangwani ndicho kilichoshinda. Mwenyewe aliketi meza kuu na mchungaji, na kibanda chake kikateketezwa na vyote vilivyomo, kuwa shukrani.

Fundi hakuwahi kupita nafasi ya pili. Mwaka huu kanisa lilikuwa limenunua uwanja mpya, naye siku ya kwanza akaudamkia ili achague mahali pazuri. Akakuta pembeni kuna aliyemtangulia kujenga.

"Mvumilivu hula mbivu," mkewe alimtania, "ila yako sijui inaivia wapi. Nimeshawaambia dada zangu tunaketi meza kuu. Usiniaibishe, baba."

Basi akanunua sufuria kuukuu na mkeka uliochanika, akavipanga ndani vionekane vya shida.

Mchungaji akaja na wazee wa kanisa kukagua. Kibanda cha fundi wakakisifu kwa usafi, na hapo hapo fundi akajua imekula kwake. Wakaenda pembeni. Msichana mdogo alikuwa ameketi mlangoni, amempakata mdogo wake.

"Mama yuko wapi, mwanangu?" mchungaji akauliza.

"Ameenda kulima mashamba ya watu."

"Hata leo! Na nyinyi mmekula nini?"

"Bado. Mama amesema Mungu ataleta."

Mchungaji akavua miwani, akafuta macho. "Mmesikia? Sisi tumekuja na makapu ya vyakula. Huyu mama analiishi neno, na watoto amewafundisha!"

"Maigizo hayo," fundi akamnong'oneza mkewe. "Hata masizi kapaka."

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi alipitisha kidole ukutani, masizi yakagoma kutoka. Yake yeye, ya mkaa wa kusaga, yalikuwa yameshaanza kupukutika. Akakifuta kidole kwenye suruali kwa wivu.

Kibanda cha pembeni kikatangazwa mshindi, na watoto wakapelekwa nyuma ya kanisa wakapewe chakula. Fundi akaomba jambo moja tu, moto auwashe yeye. Watu wakampigia makofi kwamba ameshindwa na hana kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho tele.

"Blanketi hili tulitoe?" mzee mmoja akauliza.

"Sadaka haipunguzwi," fundi akajibu, akachomeka kijinga cha moto kwenye matawi makavu.

Kiliwaka upesi. Watu wakaimba, fundi naye akaimba, na kwa mara ya kwanza juma lile roho yake ikatulia.

Jioni, wakati waumini wanabomoa vibanda vyao na kufagia uwanja warudi makwao, yule mama akatokea na jembe begani, udongo umemganda miguuni. Vigelegele vikampokea, asijue ni vya nini. Mchungaji akamkabidhi kapu lililojaa viazi, maharage na mikate.

"Mungu amekupa, mama. Pokea."

Mama akapiga magoti. Akashukuru mpaka sauti ikamkauka, kwa maana hajawahi kupewa chakula kingi namna ile. Kisha akainuka, akatazama pembeni mwa uwanja, akatazama tena, akamgeukia fundi aliyekuwa karibu naye.

"Na nyumba yangu, kaka," akamuuliza kwa adabu, "mmeihamishia wapi?"