Mgongo wa Meneja

Kinyozi alikuwa amepiga magoti uani, kipara chake kikimeremeta juani, akimbembeleza mbwa akojoe.

"Kojoa, bwana mkubwa. Watu wanatutazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Jirani wa ghorofa ya kwanza aliegemea dirisha na kikombe chake kama mtu aliyelipa kiingilio. Kinyozi alimpungia mkono. Angefanya nini? Mtu mzima anayemshika mbwa kiuno kwa taulo hana tena heshima ya kulinda.

Mbwa aliitwa Meneja, kwa kuwa enzi za ujana wake alilala mlangoni na kumkagua kila aingiaye. Alikuwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, kama benchi. Alikuwa wa marehemu mama, na kinyozi ndiye aliyemrithi. Sasa uzee ulikuwa umemletea maradhi: katikati ya pingili za mgongo kitu kilikuwa kimechomoza na kubana neva, na asubuhi moja miguu ya nyuma ikagoma kabisa.

"Asiruke, asipande ngazi, asitembee mwenyewe," alisema daktari wa mifugo. "Na mumbebe watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, mgongo usipinde."

Wawili! Kinyozi aliishi peke yake, ghorofa ya tatu, na asubuhi hiyo alikuwa amemteremsha Meneja kwa kumkumbatia tu. Marafiki zake walikuwa wateja wake, na hakuna mteja ampendaye kinyozi kiasi cha kumbebea mbwa. Alibaki mtu mmoja tu: mdogo wake, fundi wa friji, aliyekaa mtaa wa pili. Nao walikuwa hawasemezani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa aibu kuusimulia. Siku ya msiba wa mama, mbele ya shangazi zao wote, mdogo mtu alisema kwamba kaka yake alimnyoa mama vibaya mara ya mwisho, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Kinyozi akajibu kwamba friji alilotengenezewa mama lilikuwa linachemsha maziwa. Wanaume wawili wenye mvi, machozi yanawatoka, wakatupiana maneno kama watoto wanaorushiana mchanga. Tangu hapo, kimya. Wakikutana njiani, kila mmoja alikumbuka ghafla kitu cha kutazama kwenye simu.

Kinyozi alipiga simu. Alikuwa ameandaa maneno ya kiume, yenye uzito. Yaliyomtoka ni, "Meneja hatembei," kisha akakata simu.

Mdogo mtu alifika na nguo zake za kazi, hata salamu hakutoa.

"Shika mbele," alisema.

"Mgongo usipinde."

"Wa mbwa au wako?"

Kinyozi alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamponyoka puani.

Ikawa ndiyo kazi yao. Asubuhi na jioni walimteremsha Meneja ngazi zote, kinyozi akishuka kinyumenyume kama mpagazi wa kabati. Mchana, kinyozi akiwa kazini, mdogo mtu alipitia kumpa mbwa dawa. Mwanzoni walizungumza habari za mkojo tu. Baadaye wakaanza kunywa chai. Jioni moja mdogo mtu akasema, macho yapo kwenye kikombe, "Mama aliupenda ule unyoaji, unajua. Alisema umemrudishia usichana."

Kinyozi alikwenda jikoni kutafuta sukari iliyokuwa mezani.

Walipompeleka Meneja kuangaliwa, wakiwa wamembana katikati ya mafriji mabovu kwenye gari la mdogo mtu, kinyozi alitarajia habari njema. Daktari alimpapasa mbwa mgongo, akamtazama mdogo mtu, akakohoa.

"Mwendelee kumbeba kwanza," alisema. Safari iliyofuata akasema vivyo hivyo.

Halafu siku moja kinyozi aliisahau mashine yake ya kunyolea nyumbani, akairudia. Alipofungua mlango, Meneja alikuwa amesimama katikati ya sebule, akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Alimwona bwana wake, akamaliza kujikuna kwanza.

Kinyozi alimkumbatia, akacheka, akalia. Kisha moyo ukamshuka. Mbwa akipona, nani tena atapanda ngazi zile jioni? Yeye na mdogo wake wangesingizia nini ili waonane?

"Meneja," alinong'ona, "rudi ukalale. Nakuomba."

Meneja akajiendea mwenyewe hadi kwenye godoro lake, akalala. Jioni walimbeba kama kawaida. Kinyozi alijiona kituko: na kipara chake chote, amekula njama na mbwa. Tena kati yao wawili, mbwa ndiye aliyeigiza vizuri zaidi.

Siku moja kabla ya miadi alifunga duka mapema, akaenda kwa daktari peke yake.

"Daktari, kesho tutakuja na mdogo wangu," alisema. "Meneja amepona, nimemwona kwa macho yangu. Lakini nakusihi, mbele ya mdogo wangu sema bado. Sema abebwe tena kidogo. Cheka tu, una haki. Mzee mzima nashindwa kumwambia ndugu yangu 'njoo tunywe chai' mpaka nyumbani kuwe na mgonjwa."

Daktari hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango.

"Mzee wangu, mimi nimechoka kudanganya. Huyo mbwa alisimama mbele ya mdogo wako tangu mwezi uliopita, na kila mkikaribia kuja, mdogo wako hutangulia kuja hapa peke yake kuniomba hilohilo."