Pamba ndani ya Kopo

Tunu alikunja mikono ya blauzi hadi viwikoni akaanza kukanda unga wa chapati. Makovu yake yalikuwa wazi, lakini jikoni alikuwa na shangazi yake Mwaka tu. Tangu mfungo uliopita hakuwa amejikata tena.

Saa ya dawa ilipofika alinawa, akachukua kopo lake. Alikuwa amelishindilia pamba tangu shule ya bweni, vidonge visilie, wenzake wakajua ana virusi.

"Umeshameza?" shangazi akauliza.

"Ndio nameza sasa."

"Maana sisikii kitu." Shangazi Mwaka aliendelea kusukuma chapati bila kugeuka. "Kila asubuhi nasimama mlangoni kwako nasikiliza. Kopo kimya, na wewe kimya. Nabaki pale, naogopa hata kubisha."

Tunu alilitazama kopo. Kisha akaingiza kidole, akaivuta pamba yote na kuitupa kwenye makaa. Akameza kidonge kwa chai ya tangawizi, akala chapati mbili za moto, na ya tatu akaenda nayo mkononi, maana ilikuwa siku yake ya kliniki.

Kopo lilikuwa ndani ya mkoba, likilia kama kayamba kila alipopiga hatua. Shangazi aliona Tunu hakuishusha mikono ya blauzi. Alisimama mlangoni na unga viganjani, akisikiliza, hata baada ya Tunu kukata kona.