Taa ya Kijani

Tangu maradhi yafunge milango, kila nyumba mtaani kwetu ina taa juu ya mlango. Kelele zikizidi ndani, taa inakuwa nyekundu na watoto wanachukuliwa kambini. Ndiyo maana dada yangu Tausi, kwa kuwahofia wanawe, alijifunza kuuma pembe ya khanga kila mumewe alipompiga. Mumewe naye alijifunza kupiga bila kufoka. Wakapewa cheti cha Nyumba Tulivu.

Bi Chausiku wa ustawi wa jamii alimwona Tausi dirishani, akamwita afisa mwenye ufunguo wa milango ya mtaa.

"Nifungulie, baba. Mdomo wake umevimba."

"Mama, taa ni ya kijani."

"Kwani huna macho?"

"Ninayo, na yanaona kijani. Sikuajiriwa kusoma midomo." Akacheka peke yake, amejifurahisha kwa werevu wake.

Siku ya tatu baada ya hapo tulimtoa Tausi akiwa maiti kupitia mlango huohuo, chini ya taa ya kijani. Afisa alikuja kutoa pole. Akamsifu shemeji kwa utulivu, eti hata msiba wake hauna kelele. Mtu mzima, na barakoa yake safi, aliyasema hayo mbele ya mama yetu.

Naandika nisije nikasahau. Bi Chausiku bado hupita kila asubuhi, nami hufuatana naye kwa kibali. Shemeji ameshaoa tena. Juzi mke mpya alikuwa anaanika khanga dirishani. Alitusalimu vizuri, akatabasamu, na taa yake ilikuwa ya kijani. Pembe ya khanga ilikuwa imetafunwa.