Nani Alilishika Gari Hili?

Mashine ilisema P0420, na Profesa, kama fundi huyo alivyoitwa mtaani, akasikitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Nani alilishika gari hili kabla yangu?" aliuliza.

Hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote anayejiheshimu, na huulizwa hata kabla boneti haijafunguliwa. Profesa alilitanguliza kwa kutikisa kichwa na kulimalizia kwa msonyo. Kimashine chake cha kusomea hitilafu, ambacho waya wake ulikuwa umechomekwa chini ya usukani, alikishika kama daktari aliyeshika majibu mabaya ya maabara.

Mama aliyeleta gari alisogea karibu kukitazama. Alikuwa msimamizi wa magari ya hospitali moja binafsi, mtulivu, mwenye miwani na faili nene kwapani. Hospitali yake ilikuwa na magari kumi na mawili, na ilikuwa ikitafuta fundi wa kudumu. Profesa alikuwa ameiombea kazi hiyo wiki nzima. Asubuhi mkewe alimpigia ovaroli pasi mpaka ikasimama mikunjo, kisha akamwambia, "Leo usiongee sana, baba." Alikuwa mke anayemjua mumewe.

"Hiyo namba maana yake nini, fundi?"

"Maana yake masega yamekufa, mama. Yale ya kwenye eksozi, yanayosafisha moshi. Gari lina sensa mbili, moja mbele ya masega, nyingine nyuma. Ile ya nyuma ikiona moshi ni mchafu kama wa mbele, kompyuta inawasha taa ya injini. Taa haidanganyi, mama. Wanaodanganya ni watu."

Mama akaandika kwenye daftari. Kuona maneno yake yanaandikwa, Profesa alipata nguvu mpya. Akaliinua gari kwa jeki, akaliwekea stendi, akajitosa chini na tochi bila kuihurumia pasi ya watu.

Aligonga masega kwa spana. Yakalia kama debe tupu.

"Mama! Umesikia hiyo? Wameyatoa! Wamepasua, wamekomba vya ndani, wakachomelea juu ionekane hakuna kilichotokea. Na sensa ya nyuma, hebu inama uone, wameipachika juu ya ganda la plagi kuukuu lililotobolewa, ili isiuguse moshi sawasawa. Kompyuta ikaamini mambo ni shwari na taa ikazimika. Sasa ganda limelegea, ndiyo maana taa imerudi."

"Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya gani? Huu ni wizi, tena wizi uliosomewa!"

Mama alijiinua taratibu, akafuta miwani. "Gari tulilinunua mwezi uliopita kwa mtu, tukalipaka rangi nyeupe na kuweka nembo yetu. Taa ilipowaka jana, nilimpitia huyo jirani yako wa ng'ambo ya barabara. Aliingia chini, akatoka anacheka. Akasema gari hili nikuletee wewe."

Profesa aliitazama gereji ya ng'ambo. Kwa miaka kumi yeye na mwenye gereji ile walikuwa wakinyang'anyana wateja na kusalimiana kwa meno tu. Moyo ukamruka kwa furaha, na hakuona haya kufurahi.

"Lazima acheke! Ulitaka alie mbele yako? Mama, kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Ganda la plagi kukatwa mshazari namna hii, na kulehemu kwa vidonge vidonge namna hii, ni mkono wa mtu mmoja tu. Mkono huu naujua. Ukinizungushia kitambaa machoni nitautambua kwa kupapasa."

"Una hakika ni mtu mmoja?"

"Nitaapa popote."

"Na wewe ungekuwa sisi, ungemfanyaje?"

Ushauri wa mkewe ulikuwa umeshasahaulika. "Kwanza, kazi yenu asiione hata ndotoni. Asiguse hata baiskeli ya mlinzi. Pili, polisi, leo leo. Akilia msimwonee huruma, watu wa namna hii machozi hawanunui. Atawaambia ana mke na watoto. Nani hana?"

"Unaweza kuniandikia hayo yote?"

Kama angeweza! Aliandika kurasa mbili kwa kalamu iliyokuwa ikichana karatasi. Alimwita mtu huyo doa la taaluma, mchwa wa magari, adui wa mapafu ya wagonjwa. Alipendekeza afungiwe maisha. Simu ya mkewe iliita akiwa katikati ya sentensi, akaikata, maana alitaka ampigie mwenyewe na habari kamili. Mwishoni akatia sahihi yenye mkia mrefu, akatoa muhuri wa gereji mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga.

Mama alisoma neno kwa neno, hakuruka mstari.

"Umeandika vizuri sana, fundi," alisema. "Sina la kuongeza."

Akafungua faili lake juu ya boneti. "Aliyetuuzia gari ni mtu wa mpangilio. Alitunza kila karatasi, hata risiti ya siku alipopeleka gari gereji kuzimiwa taa hii hii, mwaka juzi." Akaichomoa ile risiti, akailaza kando ya ripoti, akainyoosha kwa kiganja.

Mihuri ilikuwa miwili, mmoja umeanza kufifia, mwingine wino wake haujakauka. Jina la gereji lilikuwa lile lile, na chini ya kila muhuri palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu.